Taa za UV kwenye AHU: umulike koili, umulike hewa, au ubaki na filta?

Masika yakishika kasi hapa Dar es Salaam, malalamiko ya ofisini huwa yaleyale: AC ikiwashwa asubuhi, kinachotoka dakika kumi za mwanzo ni harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Fundi anafungua mlango wa AHU, ule mtambo mkubwa unaopoza hewa na kuisambaza ghorofa nzima kwa dakti (njia za bati za kupitishia hewa), anakuta koili, yale mabomba baridi yenye mapezi yanayopoza hewa, imeshika utelezi mweusi na trei ya maji ina ute kama wa bamia. Haipiti wiki, muuzaji ameleta kotesheni ya taa za UV za kumulika koili. Mwingine analeta ya taa za kuua vijidudu hewani, bei mara kadhaa ya ile ya kwanza. Mhasibu naye anauliza kwa nini tusinunue filta bora tukaachana na mambo ya mionzi.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, inategemea jengo. Nimetunza mitambo ya hewa hapa mjini kwa miaka mingi, kuanzia maghorofa ya Posta hadi zahanati za Mbezi, na jambo ninalotaka msomaji alibebe ni moja: taa hizi usizipime kwa bei na nguvu zake tu. Zipime pia kwa kumfikiria kijana atakayefungua ule mlango siku wewe haupo.

Pima haya kabla ya bei

Swali la kwanza ni la ugonjwa wenyewe. Je, unasumbuliwa na uchafu unaoota kwenye koili, au unaogopa vijidudu vinavyotoka kwa mtu anayekohoa kwenda kwa mwenzake? Watu wengi huchanganya haya mawili, na hapo ndipo pesa hupotelea. Taa inayosafisha koili vizuri kabisa inaweza isifanye lolote la maana kwa hewa inayopita.

Swali la pili ni nani anafungua mlango wa mtambo, mara ngapi, na anajua nini. La tatu ni umeme: zitawaka saa ngapi kwa siku, na jenereta ikiingia itazibeba? La nne ni matunzo ya kila mwaka. La tano ni mabaki, kwa maana taa nyingi za aina hii zina zebaki ndani, na filta chafu nazo zinahitaji mtu wa kuzibeba.

Kama jengo lako lina split za ukutani peke yake, sehemu kubwa ya makala hii haikuhusu. Nitakugusa mwishoni.

Mwanga wenyewe

Taa za kawaida za kuua vijidudu hutoa miale ya urujuanimno ya kundi la UV-C, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Miale ya kundi hili kutoka kwenye jua hufyonzwa yote angani kabla ya kufika ardhini, kwa hiyo ngozi na macho yetu hayajawahi kuizoea. Inavunjavunja vinasaba vya bakteria, ukungu na virusi hadi vishindwe kuzaliana. Jicho lako nalo limejengwa kwa chembe hai, na mwanga huu haulibagui.

Ule ubluu unaouona siyo UV. UV-C haionekani. Taa inaweza kuwaka bluu ya kupendeza huku nguvu yake ya kuua imeshapungua sana, na vilevile unaweza kuungua bila kuhisi joto lolote.

Kikomo cha kimataifa kwa mwanga wa nanomita 254 ni milijuli 6 kwa sentimita ya mraba kwa siku ya kazi ya saa 8. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uifanyie hesabu. Taa za koili hufungwa ili zitoe mikrowati 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya mraba kwenye uso wa koili. Ukisimama mahali penye mikrowati 100, kikomo cha siku nzima unakimaliza kwa sekunde 60. Kwenye taa za kumulika hewa, ambako mikrowati 1,000 ni jambo la kawaida, unakimaliza kwa sekunde 6, muda wa kuchungulia na kusema "mbona zinawaka?"

Nimeyaona matokeo yake kwa karibu. Katika jengo moja katikati ya mji, fundi kijana niliyekuwa naye aliingiza kichwa ndani ya AHU kuzibua bomba la trei. Mlango ulikuwa na swichi ya kuzima taa ukifunguliwa, lakini mtu aliyetutangulia alikuwa ameiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya chenye urefu wa kidole, kwa sababu swichi ilikuwa inasumbua na taa zinazimika ovyo. Kijana alikaa mle kama dakika kumi. Hakuhisi chochote, tukala, tukaagana. Saa tatu usiku akanipigia: "Kaka, macho yangu yamejaa mchanga, siwezi kuyafumbua." Mafundi wa kuchomelea wanaijua hali hiyo vizuri, ni ileile inayowapata wakichomelea bila miwani. Alikaa siku mbili chumbani dirisha likiwa limefungwa pazia, na ngozi ya shingo ikambabuka. Alipona. Mpaka leo nikifungua AHU yoyote, kitu cha kwanza ninachotafuta ni hicho kipande cha waya.

Kwa hiyo kwa njia zote mbili za taa, haya hayana mjadala. Kila mlango unaofika kwenye mwanga uwe na swichi inayokata umeme wa taa unapofunguliwa, na taa zisirudi zenyewe mlango ukifungwa. Mtu aende kuziwasha kwa mkono. Pawe na swichi kuu ya taa nje ya mtambo inayoweza kufungwa kwa kufuli, na ufunguo akae nao aliyeko ndani. Onyo libandikwe mlangoni kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza peke yake. Dirisha dogo la kioo litobolewe ili mtu aone kama taa zinawaka bila kufungua, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia miale ya nanomita 254. Ngao ya uso ya polikaboneti, glavu na mikono mirefu viwepo kwa kazi ya kupima, siyo kwa kazi ya kila siku. Kila siku taa zizimwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri mzigo wa kumlinda anayefanya kazi, kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie kwamba hivi ni vikorombwezo vya kuongezea baadaye.

Na ukinunua, uliza kama taa hazitoi ozoni. Zipo zinazotoa pia mwanga wa nanomita 185, ambao hugeuza oksijeni kuwa ozoni, na dakti itaipeleka moja kwa moja kwenye mapafu ya wafanyakazi. Harufu yake ni kali, kama ya cheche za umeme. Uliza pia urefu wa wimbi. Taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia nayo huitwa UV, ila ni ya kundi jingine, UV-A, na haitakusafishia koili. Nimeshakuta imefungwa ndani ya AHU na mtu aliyeuziwa akiamini amepata nafuu.

Njia ya kwanza: kumulika koili

*Inatibu nini.* Taa hufungwa upande ambao hewa inatokea baada ya kupita kwenye koili, zikiangalia koili na trei. Upande huo ndio unaolowa, na kwa unyevunyevu wa pwani yetu maji hutiririka kutwa. Utelezi hauhitaji mwanga mkali, unahitaji mwanga usiokoma: taa dhaifu kiasi inayomulika saa 24 inauzuia usiote. Koili ikibaki safi, hewa inapita bila kubanwa na ubaridi unarudi, kwa sababu ule ute ni kama blanketi juu ya mapezi ya alumini. Harufu ya asubuhi hupungua. Kwa vijidudu vya hewani, usitarajie makubwa.

Kama koili tayari imeziba, isafishwe kwanza. Mwanga hausogezi tope, na hauingii palipo na kivuli.

*Hatari yake.* Hapa ndipo mafundi wengi hukutana na mwanga, kwa sababu koili na trei ndivyo vitu vinavyofunguliwa mara nyingi. Mlango wa koili ni mlango wa kazi. Swichi yake ikifa, ajali ni suala la muda. Hatari nyingine ni ya polepole: mwanga hukausha na kupasua maganda ya waya, gasketi za mpira, trei za plastiki na filta za nyuzi za plastiki zilizo karibu. Waya zipitishwe kwenye bomba la chuma au zifunikwe kwa utepe wa alumini. Fundi akikuonyesha waya za taa zinaning'inia wazi mbele ya taa, mrudishe.

*Matunzo na gharama.* Chukua mfano wa taa 4 za wati 60. Hizo ni wati 240, zikiwaka mwaka mzima zinakula yuniti kama 2,100. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, kisha linganisha na unachopoteza koili ikiwa chafu. Taa nyingi za zebaki hudumu saa 9,000, na mwaka una saa 8,760, kwa hiyo panga kubadilisha kila mwaka hata kama bado zinawaka. Usizishike kwa mikono mitupu, mafuta ya vidole huacha doa linalozuia mwanga. Ukishika, futa kwa spiriti. Hapa kwetu ongeza kuzifuta vumbi kila unapobadilisha filta, na weka kinga ya kupandashuka kwa umeme, kwa maana balasti, vile vifaa vinavyolisha taa umeme, ndizo hufa mwanzo.

*Inamfaa nani.* Jengo la ofisi, hoteli au supamaketi lenye AHU zinazofanya kazi kutwa, zenye historia ya koili kuziba, na lenye fundi wa kudumu anayejulikana kwa jina.

Njia ya pili: kumulika hewa inayopita

*Inatibu nini.* Hii inalenga vijidudu vyenyewe vikiwa njiani. Ushahidi kwamba inawezekana ni wa zamani na ni mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Baltimore, Marekani, watafiti William Wells na Richard Riley walivuta hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu hadi kwenye vizimba vya simbilisi. Waliovuta hewa ile vivi hivi waliambukizwa mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lilivuta hewa ya wodi hiyohiyo iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa UV ndani ya dakti, na halikuambukizwa.

Ugumu uko kwenye muda. Hewa ndani ya AHU huenda karibu mita 2.5 kwa sekunde. Eneo la mwanga likiwa na urefu wa sentimita 60, kijidudu kinapita kwa takriban robo sekunde. Ndani ya robo hiyo kinatakiwa kipokee dozi ya kukitosha, na ndiyo sababu taa huwa nyingi na kali, na kuta za ndani hufunikwa kwa alumini irudishe mwanga. Muuzaji anayekuambia taa mbili za koili "zinaua pia virusi vyote hewani" muombe hesabu ya dozi kwa kasi ya hewa ya mtambo wako. Akikosa hesabu, anauza maneno.

Tena njia hii inasafisha tu hewa inayorudi kwenye mtambo. Ukikaa karibu na mtu anayekohoa, kikohozi chake kinakufikia kabla hakijafika kwenye AHU.

*Hatari yake.* Mlango haufunguliwi mara nyingi kama wa koili, lakini siku ukifunguliwa vibaya, adhabu ni ya sekunde. Mwanga pia unaweza kuvuja kupitia dakti fupi hadi kwenye matundu ya hewa ya dari, kwa hiyo baada ya kufunga lazima mtu apite na mita ya UV kwenye kila tundu la karibu na kila kiungo cha bati. Dakti laini za plastiki na sponji za ndani hazikai karibu na taa hizi.

Taa zikiwa nyingi, zebaki nayo ni nyingi. Moja ikipasuka, zima feni, watu watoke, hewa ya nje iingie. Usifagie kwa ufagio wala kutumia mashine ya kunyonya vumbi, vitaitawanya. Kusanya kwa karatasi ngumu, malizia vidogovidogo kwa selotepu, weka vyote kwenye chombo chenye mfuniko. Taa zilizokufa zisiende dampo la Pugu na takataka za kawaida. Uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni kampuni gani zenye kibali cha kubeba taka hatarishi, na liandike hilo kwenye mkataba wa muuzaji kabla hujalipa.

*Matunzo na gharama.* Ni kama ya kwanza, ukizidisha kwa idadi ya taa. Tofauti ni kwamba hapa upungufu wa nguvu unauma zaidi. Koili inaweza kuvumilia taa iliyochoka, hewa ya robo sekunde haivumilii. Hewa baridi inayopuliza taa nayo hupunguza nguvu yake, kwa hiyo ubunifu ufanywe kwa taa ya mwisho wa maisha katika hewa baridi, siyo kwa taa mpya mezani. Ziwake feni ikiwaka tu, na kila umeme unapokatika na kurudi unakula sehemu ya uhai wake.

*Inamfaa nani.* Hospitali, maabara, kumbi za kusubiria zenye watu wengi na hewa inayozungushwa ndani, mahali ambapo kuna mhandisi wa kupiga hesabu na bajeti ya kupima kila mwaka.

Njia ya tatu: filta bora na usafi wa ratiba, bila taa

*Inatibu nini.* Filta ya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe) hunasa angalau asilimia 50 ya chembe ndogo za kati ya mikroni 0.3 na 1, na asilimia 85 ya zile za mikroni 1 hadi 3, ambamo matone mengi yanayobeba vijidudu huangukia. Inanasa pia vumbi, jambo ambalo taa haifanyi kabisa. Kwa jengo la pembeni ya barabara inayojengwa, hiyo peke yake ni hoja nzito. Utelezi wa koili haitauondoa, ila itaunyima chakula, maana ukungu hula hilo vumbi.

*Hatari yake.* Hakuna wa kuungua macho. Waliopo ni wa kuungua mikono: sabuni kali za koili hula ngozi na alumini, na dawa za klorini hazifai kwenye koili hata kidogo. Usichanganye klorini na tindikali, hewa inayotoka inaua. Anayebadilisha filta chafu avae barakoa na azifunge kwenye mfuko palepale.

*Matunzo na gharama.* Hapa ndipo watu hujidanganya kwamba wamechagua rahisi. Filta nzito hubana hewa. Feni ya zamani inaweza kushindwa, na usipopima kwanza utapata ofisi safi yenye joto. Hewa pia hupenda njia nyepesi: fremu ikiacha upenyo wa kidole, uchafu utapita hapohapo. Kuosha koili kila miezi michache ni siku ya kazi, maji na mtu mwaminifu.

*Inamfaa nani.* Jengo lenye AHU moja au mbili, lisilo na fundi wa kudumu, lenye vumbi jingi, au ambalo mafundi hubadilishwa kila mkataba ukiisha. Jengo la namna hiyo mimi siliwekei taa, hata likiwa na pesa.

Kwa hali yako

Kama kero ni harufu na koili inayoziba kila baada ya miezi michache, na unaye fundi wa kudumu: osha koili vizuri, kisha funga taa za koili. Filta ibaki mbele ya koili, ili vumbi lisifike kwenye taa.

Kama ni hospitali au mahali pa wagonjwa wa kifua: anza na hewa safi ya nje na filta, halafu ndipo upigiwe hesabu ya taa za hewa. Ukibaki na pesa ya kitu kimoja tu, hewa ya nje inatangulia.

Kama una zahanati yenye split na mapangaboi tu: usikubali kijitaa cha kubandika ndani ya split kama kinga ya kifua kikuu. Fungua madirisha yanayotazamana. Zipo taa maalumu zinazomulika sehemu ya juu ya chumba, juu ya vichwa vya watu, na Shirika la Afya Duniani limezipendekeza kwa masharti katika mwongozo wake wa 2019, lakini zinahitaji dari ya kutosha na mtu wa kupima mwanga kwenye usawa wa macho.

Kama unahamia jengo jipya na mkataba wa mafundi haujatulia: filta na ratiba ya kuosha kwa mwaka wa kwanza. Mwombe mkandarasi aache nafasi na umeme wa taa, uamue ukishajua nani atashika funguo.

Na kama umekuta taa zimeshafungwa na aliyekutangulia, usifungue mlango kuzitazama. Mwite fundi wa umeme aweke mita ya kubana, inayopima umeme bila kukata waya, kwenye waya unaolisha balasti, nje ya mtambo. Mwingine, akiwa amevaa ngao na amesimama nyuma ya mlango, aufungue upenyo wa kidole. Mita ikishuka hadi sifuri, swichi inafanya kazi. Isiposhuka, zima swichi kuu, piga kufuli, kisha ingia utafute kipande cha waya.